Kuchimba Kisima ni Ibada; na Kukitunza Je?

Wahenga walinena kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Ukitaka kuyajua maneno hayo vyema, usikae Mombasa ukaitazama bahari yenyewe, maana bahari hainyweki. Vuka kivuko cha Likoni, wende bara mwendo wa saa mbili tatu, mwezi wa Februari jua linapokuwa kali. Utamwona mama ameinama juu ya shimo alilolichimba kwenye mchanga wa mto uliokauka, ana kifuu mkononi, anangoja maji yajikusanye ateke mara moja, kisha angoje tena. Hapo utafahamu kwamba kuna siku ambapo chungu na mwanadamu huwa na bahari moja.

Siku hizi, alhamdulillahi, moyo wa kujitolea kuwapelekea maji safi watu wa mashambani umeenea. Vijana wa mjini huchangishana, misikiti na makanisa hukusanya, na ndugu zetu walioko Ghuba na Ulaya hutuma walichojaaliwa. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, mvua zilipokosa kunyesha msimu baada ya msimu, uliwaamsha wengi. Nami kwa miaka kadhaa nimefuatana na makundi hayo, mkono mmoja kalamu na mkono wa pili jembe. Nimeona mengi ya kusifiwa. Lakini nimeona pia jambo ambalo ni wajibu tulizungumze waziwazi, wala si kwa kumvunja mtu moyo.

Jambo lenyewe ni hili. Kisima kipya hufunguliwa kwa vigelegele, watu wakapigwa picha, wageni wakala pilau na kwenda zao. Baada ya miaka miwili ukipita hapo, utakuta mpini wa pampu unaning'inia kama mkono uliovunjika na mbuzi wamelala kwenye sakafu ya saruji. Hatua chache kutoka hapo kuna kisima kingine kipya, cha mfadhili mwingine, nacho kimeanza kukohoa. Jiwe lenye jina lingalipo. Maji ndiyo hayapo.

DESTURI YA SABILI

Sisi watu wa Pwani thamani ya maji hatukufundishwa na mgeni. Nenda Gede, mji uliostawi karne kadhaa kabla ya kuhamwa katika karne ya 17, ukahesabu visima vilivyomo katika magofu. Huko Pate na Kiunga, ambako ardhi aghalabu haitoi ila maji ya chumvi, wazee walijenga majabia, yaani sakafu pana zilizoinama kidogo, za kuyapokea maji ya mvua na kuyapeleka kwenye birika lililochimbwa chini na kusakafiwa. Jabia la mji ni la wote. Kabla ya masika watu hutoka kulifagia na kuziba nyufa, kwani kila mtu ajua kwamba uchafu wa siku moja utanywewa msimu mzima. Na zamani mwenye uwezo hakukosa kuweka mtungi na kata mlangoni pake kwa ajili ya mpita njia. Hiyo ndiyo sabili, na aliyekunywa hakuulizwa kabila wala dini.

Nilipokuwa chuoni, tukiandika kwenye mbao, maalim wetu alipenda kutusimulia visa viwili. Cha kwanza ni cha Saad bin Ubada, aliyefiwa na mamake akaenda kumuuliza Mtume sadaka gani ni bora kumtolea marehemu. Alijibiwa kuwa ni maji, naye akachimba kisima kwa ajili ya mamake. Cha pili ni cha kisima cha Ruma huko Madina, ambacho mwenyewe alikuwa akiwauzia watu maji yake. Sayyidna Uthman bin Affan akakinunua kwa mali yake, akakifanya wakfu watu wateke bure.

Visa hivi ndivyo vinavyowatuma watu wetu wengi kuchimba visima hadi leo. Mtu akifiwa na mzazi, jambo la kwanza linalomjia ni kisima. Ni desturi njema, na Mungu aizidishe. Lakini tazama, msomaji, tofauti ya visa hivyo viwili. Saad alichimba. Uthman, kwa riwaya iliyo mashuhuri, alikikuta kisima kimeshachimbwa zamani, tena kina maji. Alichokifanya ni kuondoa kizuizi kilichokuwa kati ya maji na watu. Wote wawili tunawataja kwa heshima, lakini sisi tumeufuata mfano wa kwanza tukausahau wa pili.

NCHI YA MAJI YA CHUMVI

Asiyekulia Pwani huenda akadhani kuwa popote ukichimba utapata maji ya kunywa. Sivyo. Katika reli ya zamani, ukishapita Mariakani kuelekea Samburu, kuna kituo kiitwacho Maji ya Chumvi, na jina hilo halikutolewa kwa mzaha. Miamba ya sehemu hiyo huyatia maji chumvi, na hata wataalamu wa miamba wamelichukua jina hilo wakaipa aina nzima ya mawe ya huko. Unaweza kuchimba mita nyingi, ukatoa maji ya kutosha kuogesha kijiji, na asipatikane hata mmoja awezaye kuyanywa.

Ndiyo sababu watu wa Kinango, Ganze na sehemu za Magarini hutegemea malambo, ambamo ng'ombe huingia kwa miguu na mtoto akateka hapo hapo. Maji hayo ndiyo yaletayo kuhara na kichocho, na kipindupindu kikibisha hodi hupata mlango uko wazi, kama kilipozuka Oktoba 2022 na kuendelea mwaka uliofuata katika kaunti nyingi za nchi yetu. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Mama huubeba kichwani, mtoto mgongoni, naye binti aliyepaswa kuwa darasani hufuata nyuma na mtungi wake. Hata bomba la Mzima, ambalo tangu mwaka 1957 huleta maji Mombasa kutoka chemchemi za Tsavo, limepita karibu na wengi ambao hawakupata tone. Wazee wa Taita na wa kandokando ya njia hiyo wamelalamikia jambo hilo kwa miaka mingi.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imesema kwamba kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, Umoja wa Mataifa nao ulitambua kuwa maji ni haki ya binadamu. Kwa hivyo wajibu wa kwanza ni wa serikali, na siku hizi ni wa kaunti hasa. Anayejitolea hachukui mahali pa serikali. Yeye huziba pengo, na pengo likizibwa vibaya hufumuka kubwa zaidi.

KWALE ILIYOFUNDISHA ULIMWENGU

Wengi hawajui kwamba Kwale ina sifa kubwa katika habari za maji duniani. Miaka ya 1981 hadi 1990 Umoja wa Mataifa uliifanya kuwa mwongo wa maji ya kunywa na usafi. Katika miaka hiyo, kuanzia 1983, pampu za mkono za aina mbalimbali zilifanyiwa majaribio upande wa Diani na Msambweni. Mimi nilikuwa kijana mdogo, na nakumbuka tulivyozikimbilia kuzitazama tukidhani ni bembea.

Katika majaribio hayo ya Kwale, pamoja na kazi iliyofanywa Malawi, ilizaliwa pampu iitwayo Afridev, ambayo leo hutumika katika nchi nyingi za Afrika na hata Asia. Ajabu yake haikuwa nguvu. Ajabu yake ilikuwa kwamba imetengenezwa ili mwanakijiji aweze kuirekebisha mwenyewe. Spana moja yatosha kuifungua. Pistoni na vali ya chini huvutwa juu bila kuling'oa bomba zima. Raba ikichakaa hubadilishwa kwa saa chache. Zaidi ya hayo, mpango ule, kwa msaada wa shirika la KWAHO, uliwaendea akina mama, ukawafundisha ufundi na kuwapa kamati na kisanduku cha fedha. Wanaume wengine walicheka, wakisema mwanamke na spana wapi na wapi. Lakini mwenye kubeba mtungi ndiye ajuaye uchungu wa pampu kufa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walipokuja Kwale miaka thelathini baadaye, walikuta pampu za wakati ule ambazo zilikuwa zingali zikitoa maji.

Basi tulikuwa na mwalimu nyumbani, na sisi tukaenda kutafuta kisima kipya kila Ramadhani.

KIJIJI KIMOJA, PAMPU TATU

Sasa nikusimulie niliyoyashuhudia. Kundi la vijana wa Mombasa nililofuatana nalo lilipata fedha kutoka kwa bwana mmoja mzaliwa wa huku huku, anayefanya kazi Ghuba. Alikuwa amefiwa na mamake, naye akataka kisima kipya, kirefu, chenye jiwe jeupe la jina la marehemu. Kijiji kilichochaguliwa kiko bara ya Msambweni; jina lake naliweka kando kwa heshima ya wenyewe.

Tulipofika, wazee walitupokea vizuri chini ya mwembe, tukapewa madafu. Kiongozi wa vijana akaeleza nia ya mfadhili. Wazee wakashukuru. Ndipo mama mmoja wa makamo, aliyekuwa amekaa nyuma pamoja na wenzake, akaomba kusema.

"Wanangu," akasema, "Mungu awabariki. Lakini hapa tuna pampu tatu, na zote tatu zimekufa. Ya shuleni haina raba. Ya msikitini vyuma vyake vya ndani vimekatika. Ile ya mkorosho hata sijui ina nini. Mkichimba ya nne, nayo ikafa, tutakuwa na makaburi manne. Kwa nini msitufufulie hizi?"

Vijana wakatazamana. Mmoja wao akanigeukia. "Ami," akaninong'oneza, "bwana ametuma fedha za kuchimba. Tukizitumia kwa raba si tutakuwa tumekhini amana?"

Swali hilo halikuwa dogo. Fedha ya sadaka ni amana, na aliyeitoa ameweka nia. Tena kiongozi wa kundi alikuwa na hofu nyingine, ambayo hakuificha: mfadhili akichukia, mwakani hatatoa. Kwa upande wa pili walikuwapo watu wapatao kaya themanini wakinywa maji ya lambo, na mvua za masika zilikuwa bado wiki nyingi. Mzee mmoja akamkemea yule mama kwamba anakataa riziki iliyokuja yenyewe. Mama hakunyamaza. Alisema riziki haikataliwi, bali huulizwa itakaa siku ngapi.

Tukaondoka bila uamuzi. Njiani gari zima lilikuwa kimya.

NENO LA SHEKHE

Usiku ule nilimwendea shekhe mmoja wa Mji wa Kale niliyesoma kwake, nikamweleza. Alicheka kidogo, akaniuliza, "Katika hukumu za wakfu, mapato ya wakfu hutumika kwa nini kwanza?" Nikamjibu nilivyofundishwa: kwanza ni kuitengeneza mali yenyewe isiharibike, kisha ndiyo wanaostahiki wagawiwe. "Ehe," akasema. "Kama kuitengeneza mali ya wakfu kumetangulizwa mbele ya haki za maskini, wewe wadhani Mungu atamnyima malipo aliyekiamsha kisima kilichokufa? Lakini amana ni amana. Muulizeni mwenye mali. Msimwamulie."

Asubuhi tukampigia simu yule bwana. Alisikiliza mpaka mwisho. Kwa muda hakusema neno, hata tukadhani simu imekatika. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba alikuwa ameshawaambia ndugu zake kuhusu kisima, na jiwe limeshachongwa. Nilimwelewa. Mtu aliyefiwa na mamake ugenini hakosi kutaka kitu cha kushika mkononi. Hatukumhimiza. Baada ya siku tatu alipiga mwenyewe, akauliza, "Hiyo raba inauzwa shilingi ngapi?"

Alipotajiwa bei alistaajabu. Akasema pampu zitengenezwe, na fedha zitakazobaki ziwe akiba ya vipuri. Naye yule mama wa kijijini, alipopata habari, akatuma ujumbe kwamba jiwe si lazima. Kila watakapofungua kisanduku cha fedha mwisho wa mwezi, watamsomea marehemu Fatiha. Nasikia ujumbe huo ulimliza yule bwana.

KAZI YA MIKONO

Tulirudi na fundi wa Msambweni, mtu wa maneno machache. Pampu ya shuleni ilifunguliwa, vyuma vikavutwa kimoja kimoja, na pistoni ilipotoka raba yake ilikuwa imelika kama kisigino cha kandambili. Fundi hakuibadilisha yeye. Aliwaita akina mama wawili na kijana mmoja, akawapa spana, akakaa kitako akiwatazama. Walikosea mara mbili. Mara ya tatu maji yakatoka.

Ya msikitini ilichukua siku mbili, kwa kuwa vyuma vilivyokatika vilianguka chini na ikabidi kuviopoa. Baada ya matengenezo visima vyote viwili vilitiwa dawa ya klorini, vikaachwa usiku kucha, kisha watu wakapiga pampu mpaka harufu ikaisha. Maji yakapelekwa kupimwa. Huo ni wajibu usiorukwa, kwa sababu maji maangavu si lazima yawe safi. Mathalan karibu na ufuo, ambako chini ni mwamba wa matumbawe wenye matundu, uchafu wa choo waweza kusafiri mbali kuliko unavyodhani.

Ile ya mkorosho ilikuwa nzima, haina kasoro ya chuma hata moja. Watu waliiacha kwa sababu maji yake yalikuwa ya chumvi, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Ikakubaliwa iwe ya kufulia na ya mifugo, na ng'ombe wakapunguzwa lamboni. Fikiri, msomaji, kama tungalichimba kisima cha nne hapo jirani yake, kama ramani yetu ilivyokuwa ikionyesha, tungalipata nini.

Kamati ikachaguliwa, mweka hazina akawa yule mama. Kila mtungi shilingi chache, wajane na wazee wasio na watu wasamehewe. Hapa palizuka ubishi mkali, maana kijana mmoja alidai kwamba maji ya sadaka hayauzwi. Mama akamjibu kwamba hauzi maji, anauza raba ya mwakani. Ubishi huo haukwisha siku ile, na nadhani hautakwisha; lakini kisanduku kina fedha. Nilipokwenda mara ya mwisho, pampu zote mbili zilikuwa zikifanya kazi, na moja ilikuwa imeshabadilishwa raba pasipo sisi kupigiwa simu. Habari hiyo ilinifurahisha kuliko vigelegele vyote.

NASAHA KWA WENYE NIA NJEMA

Sisemi visima vipya visichimbwe. Kuna vijiji visivyo na hata kimoja, na huko na kuchimbwe. Wala siwalaumu vijana waliojitoa katika starehe zao wakaenda kushika sururu. Ninachosema ni kwamba kabla ya kuchimba, tuulize. Je, ipo pampu iliyokufa, na ilikufa kwa nini? Ni nani atakayeshika spana sisi tukiondoka? Vipuri vinauzwa duka gani, na ni mwendo gani kufika? Maji yamepimwa? Na akina mama wamesema nini, si mbele ya wazee tu, bali wakiwa peke yao kisimani?

Elimu nayo imesonga mbele. Huko Kyuso, Kitui, zilifanyiwa majaribio pampu zilizofungwa chombo kidogo ndani ya mpini, ambacho hutuma habari kwa simu kuonyesha kama pampu inatumika au imesimama. Mafundi wakawa wanajua mapema, na muda wa pampu kukaa mbovu ukashuka kutoka siku 27 hivi hadi chini ya siku 3. Njia hiyo ikaletwa Kwale pia. Basi anayetaka kutoa sadaka ya maji leo anaweza kuilipia huduma ya fundi kwa mwaka mzima, na hiyo ikawa sadaka yenye kuendelea kwa maana yake kamili, kwa kuwa sadaka iliyosimama miaka miwili haikuendelea.

Nami kwa kuwa ni mtu wa tungo, vijana wa kundi lile waliponitaka neno la kuandika kwenye kisanduku cha kamati, niliwapa ubeti huu, nao wameupaka rangi ya kijani:

Kisima si jiwe lake, lililochorwa kwa jina,
Kisima ni maji yake, anywayo mwana na nina,
Na fundi na raba zake, na wenye kushikamana,
Thawabu na iwe yake, atunzaye kila mwezi.

Ramadhani ijayo michango itaanza tena, na simu zitalia kutoka Ghuba na kwingineko. Wewe uliye na ndugu kijijini, muulize kwanza habari za pampu ya zamani. Na wewe utakayetoa, usione haya kuulizia bei ya raba.